Kimya cha Saluni

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alipitia saluni ya mama yake. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu hakujua kutulia. Akikaa, mguu ulitikisika. Akisimama, vidole vilichezea vifungo vya sare mpaka vikang'oka.

Saluni ilikuwa na viti viwili vilivyopeana mgongo: kimoja cha Mama, kingine cha Mama Mkubwa, dada yake Mama. Kiherehere alifagia nywele, akakunja taulo na, siku hizi, akapeleka maneno.

"Mwambie mama yako anipe chanuo," Mama Mkubwa alisema.

"Mama, Mama Mkubwa anaomba chanuo."

"Mwambie liko mbele ya macho yake."

Ndugu hao hawakuwa wakisemeshana tangu siku Mama alipomcheka dada yake mbele ya wateja, kwa sababu ya nywele za bibi harusi alizokuwa ameziharibu.

Siku moja mwalimu wa Kiswahili aliwasomea wanafunzi tangazo. Jarida la watoto lilikuwa likiomba hadithi, na toleo lijalo lilikuwa na mada moja tu: kimya.

Darasa zima likamgeukia Kiherehere. "Huyu ataandika nini? Kimya hajawahi hata kukutana nacho!"

Alicheka nao, lakini moyoni kulimchoma. Alitamani sana kuona hadithi yake imechapishwa. Jioni hiyo hiyo alitoa hadithi yake ya zamani ya mbwa aliyeshinda mbio, akaanza kuichomeka mada. Mbwa akakimbia kimya. Watu wakamshangilia kimya. Kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

"Una hakika imekamilika?" mwalimu alimuuliza kesho yake.

"Kabisa, Mwalimu. Tutume tu!"

Ikatumwa. Tangu hapo mwalimu hakupata amani. Akiingia ofisini, Kiherehere mlangoni. Akienda kunywa maji, Kiherehere nyuma yake. "Wamejibu, Mwalimu?"

Mwishowe walijibu. "Mwandishi wetu mpendwa," mhariri aliandika, "mbwa wako tumempenda, ila hata yeye hajui amefuata nini katika toleo hili. Tena hakuna anayeshangilia kimya. Muda bado upo. Tuandikie kimya unachokijua."

Kiherehere alifika saluni amenuna. Alifagia kwa hasira, nywele zikaruka huku na huku. Mashine ya kukausha nywele ilivuma, redio iliimba, wateja walipiga soga. Angekijua wapi kimya, mtu anayeishi katika makelele hayo?

Ghafla umeme ukakatika. Mashine ikazimika, redio ikanyamaza, hata wateja wakaacha kusema. Mama akamtazama dada yake kupitia kioo. Mama Mkubwa naye akainua macho. Midomo yao ikafunguka kidogo, kisha kila mmoja akageukia kichwa cha mteja wake.

Kiherehere akasimama na fagio lake. Kumbe kimya kilikuwa hapa siku zote, katikati ya viti viwili, naye ndiye aliyekuwa akikivuka kutwa nzima!

Safari hii hakuandika haraka. Aliandika, akafuta, akazunguka chumba, akarudi kukaa. Alipomaliza, mwalimu alisoma polepole.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Lakini mama yako na dada yake wanajua?"

"Si tutume kwanza, halafu nitawaambia?"

"Hapana, mwanangu. Haya ni mambo yao pia. Waombe ruhusa. Wakikataa, haitaenda."

Jioni hiyo alirudi saluni. Mteja wa mwisho alipoondoka, akawaomba Mama na Mama Mkubwa wakae. Akawasomea hadithi yake. Alipofika kwenye maneno "Mwambie mama yako," Mama akainamisha kichwa. Alipomaliza, aliikunja karatasi mara mbili. Kiherehere alitamani sakafu immeze.

"Mahali pamoja umekosea," Mama Mkubwa alisema hatimaye. "Umeandika niliomba kitana. Mimi niliomba chanuo." Akamgeukia Mama. "Au niliomba nini?"

Mama akainua kichwa. "Uliomba chanuo, dada. Nami nilikunyima. Na siku ile nilikucheka mbele za watu. Nisamehe."

"Yalishanitoka kitambo, mdogo wangu. Nilikuwa nangoja uniambie mimi mwenyewe, si kupitia kwa mtoto." Akakohoa kidogo. "Hata hivyo, zile nywele zilikuwa mbaya kweli."

Wakacheka hadi machozi yakawatoka.

"Itumwe?" Kiherehere aliuliza, ameshikilia karatasi kifuani.

"Itumwe," wakajibu kwa pamoja. "Ila rekebisha chanuo!"

Toleo lilipotoka, mwalimu aliisoma hadithi hiyo darasani, na wale waliomcheka wakasikiliza mpaka neno la mwisho.

"Mada si kiraka," mwalimu aliwaambia. "Huwezi kuibandika juu ya kazi ya jana ukadhani umeandika. Tafuta ukweli wake mahali unapoishi, uufanyie kazi bila pupa. Na ukweli huo ukiwahusu wengine, uwe na ujasiri wa kuwasomea wao kwanza. Mwenzenu alifanya hivyo, na kabla hadithi yake haijafika kwa mhariri, ilikuwa imeshapatanisha watu wawili."