Msumari wa Kikaango

"Nataka msumari mmoja, kaka yangu. Wa inchi nne."

Isack aliinua uso kutoka kwenye mzani. Buguruni siku hizo ilikuwa inafoka kama chungu kilichosahauliwa mekoni. Wauza mitumba wanapiga makofi na kuimba bei, kaseti zinashindana duka kwa duka, mikokoteni inapita na watu wanaruka pembeni. Sabuni, rangi, mabati, vitu ambavyo miaka ya nyuma mtu alivipata kwa kujuana, sasa vilikuwa vimepangwa barabarani vinasubiri mwenye fedha. Na katikati ya zogo hilo, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi alikoajiriwa Isack, amesimama dada mwenye gauni la maua ya njano, mkanda mpana kiunoni, nywele za kalikiti zinang'aa mafuta. Mkononi kashika kifurushi cha gazeti.

"Msumari mmoja?" Isack akasema. "Dada, hapa tunapima kilo. Tukikuonea huruma, robo."

"Robo nzima nikapige wapi? Nina ukuta mmoja, na wenyewe wa kupanga."

"Kwani unatundika nini? Picha ya mchumba?"

"Kikaango."

Anselmo, muuzaji mwenzake, Mchaga asiyepitwa na neno, akaacha kuhesabu bawaba akasogea kusikiliza.

"Msicheke," yule dada akasema, naye anacheka. Alikuwa na mwanya. "Mama mwenye nyumba wangu mtu wa swala tano. Kaniambia, Bupe mwanangu, vyako pika, sikukatazi, ila chombo chako kisilale na vyombo vyangu. Kipe msumari wake nje." Akainua kifurushi. Gazeti lilikuwa limelowa maji ya chumvi, picha ya waziri fulani imeanza kuvuja wino. "Bekoni hii. Kitimoto. Naipaka sukari."

"Nyama unaipaka sukari?"

"Sukari, na chumvi yake yenyewe, na pilipili kiduchu. Ukionja, unasahau njia ya kwenu." Akamtazama Isack kama mtu anayepima kitambaa. "Mie mwanamume asiyekula kitu hiki simwamini. Hata ufunguo wa mlango simpi."

Sasa, Isack alikuwa Mpare wa milimani, kazaliwa kwenye nyumba ya Kisabato, na tangu aache ziwa la mama, nguruwe hajagusa ulimi wake. Alifungua mdomo aseme hivyo hivyo, kwa utani tu, yaishe. Lakini ule mwanya ulikuwa bado unamtazama. Mdomo ukajifunga wenyewe. Akachagua msumari mmoja mnyoofu, akaufuta kwa shati lake, akampa.

"Chukua tu, dada Bupe. Bure."

"Mpare katoa kitu bure!" Anselmo akapiga yowe. "Jamani anueni nguo, leo mvua!"

Ndivyo walivyoanza.

Bupe alikuwa mpokea simu kwenye hoteli moja Kinondoni, na mpishi wa pale ndiye aliyemuuzia vipande vya bekoni vilivyobaki baada ya kukata. Dukani kwa kina Isack simu ilikuwepo, lakini bosi alikuwa ameipiga kufuli kwenye tundu la kuzungushia namba, wasije wakapigia ndugu zao. Kupokea waliruhusiwa. Kwa hiyo mapenzi yao yalikuwa ya upande mmoja kupiga.

"Haloo, hapo ni duka la misumari?"

"Ndiyo, mama. Unataka ya inchi ngapi?"

"Nataka muuzaji. Yule mwembamba mwenye macho ya usingizi."

"Huyo hatumpimi kwa kilo, mpenzi. Anauzwa mzima mzima."

"Basi nifungie. Jumamosi nakuja kumchukua, twende ufukweni."

"Jumamosi... Jumamosi nina kikao. Jumapili, mama."

"Wewe na kikao chako! Jumapili basi, kwangu Mtoni. Na uje na njaa."

Jumapili ya kwanza Isack alifika Mtoni na suruali ya bwaga iliyopigwa pasi hadi inakata. Bi Mwanaasha, mwenye nyumba, alikuwa barazani anachagua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ndiye wa msumari?" Akamtazama toka kichwani hadi viatuni. "Pita. Yuko uani."

Kwa kweli kumtazama Bupe akipika ilikuwa karamu tosha. Alikuwa kajifunga khanga juu ya gauni. Alivipanga vipande kwenye kikaango kimoja kimoja, visipandane. Akavinyunyizia sukari ya rangi ya udongo, akaibonyeza kwa vidole ishike, akapitisha pilipili manga. Kisha akafunika kwa bati, makaa machache chini, makaa mengi juu ya bati, kama mtu anayeoka keki bila ya oveni. "Moto wa juu ndio unaoyeyusha sukari," alieleza. "Ukizidisha wa chini, unakula mkaa."

Harufu ilipopanda, tamu na chumvi kwa pamoja, dirisha la Bi Mwanaasha lilifungwa, pa!

"Kakasirika?" Isack akanong'ona.

"Hufungaga kila nikipika. Mwenyewe hasemi kitu." Bupe akafunua. Vipande viling'aa vyekundu kama vioo vya taa za gari. Akapuliza kimoja, akakileta mdomoni kwa Isack. "Funua, baba."

"Acha kipoe kidogo, mpenzi. Mie ulimi wangu mwepesi kuungua. Hebu nipatie maji kwanza."

Bupe alipokwenda mtungini, kipande kikaingia kwenye leso, leso ikaingia mfukoni. Aliporudi, Isack anatafuna hewa kwa bidii.

"Vipi?"

"Ah! Bupe! Sina la kusema."

Hapo alisema kweli. Jumatatu Anselmo alikula bekoni ile dukani kwa kufumba macho, akalamba hadi leso.

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumapili Isack alibuni njia: mara kaona paka, mara kikohozi, mara aomba afungiwe akale kwake. Usiku hapati usingizi vizuri. Mara nyingi aliamua kusema, na kila alipoamua alimsikia Bupe akicheka ule msemo wake wa ufunguo. Halafu kusema sasa haikuwa kusema "sili" tu. Ilikuwa kusema "nimekudanganya, na juzi nilikudanganya, na Pasaka pia." Uongo ni kama msumari uliopinda: kila ukiugonga unazidi kulala. Naye alimpenda yule mwanamke hadi alikuwa amenunua kiwanja Mbezi Luis, huko porini kwenye mikorosho, kwa ajili yake, na bado hajathubutu kumwambia.

Siku moja Bupe alipewa mapumziko ya mchana hotelini, akaona apite Buguruni kumshtua mtu wake. Kavaa blauzi nyeupe yenye mabega ya kupachika na sketi ya kubana, watu wanageuka. Isack alikuwa stoo anashusha saruji. Aliyekuwa mbele ni Anselmo.

"Shemeji! Karibu sana, shemeji!" Anselmo akamshika mkono kwa mikono miwili. "Nimekutafuta nikushukuru. Mikono yako ibarikiwe. Ile nyama ya sukari kila Jumatatu inanirudisha Rombo! Juzi ulizidisha pilipili kidogo, lakini sikulalamika."

Bupe aliutoa mkono wake polepole. "Unakulaga wewe?"

"Sasa nani? Huyu Msabato ataila saa ngapi?"

Isack alitoka stoo na vumbi la saruji hadi kwenye kope. Aliwaona wawili wale, akajua.

"Bupe..."

"Kumbe Jumamosi ni kanisa," Bupe alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomtisha Isack. "Mie nilifikiri ni mwanamke. Nimelala nikilia kwa ajili ya mwanamke huyo wa Jumamosi, Isack. Na Jumapili naamka nakupikia, nakupuliza, nakulisha kwa mkono wangu. Kumbe unanitazama kama mwehu."

"Sikukuona hivyo. Niliogopa..."

"Ungesema 'sili' ningekuchemshia mayai. Ungetema chini ningeelewa. Lakini umetafuna hewa mbele yangu, mwanamume mzima, ukaniambia ni tamu!"

Akageuka. Visigino vyake vikagonga sakafu hadi vikapotelea kwenye kelele za Buguruni.

Simu ikanyamaza. Isack aliitazama ile kufuli kwenye simu ya bosi akaichukia kama mtu. Ikilia, yeye na Anselmo wanairukia, kumbe ni mteja anauliza bei ya mabati. Anselmo, aliyeharibu bila kukusudia, alikuwa hata hali vizuri. "Braza, nenda Mtoni," alimwambia mwishowe. "Mwanamke hapigiwi magoti kwa simu iliyofungwa."

Akaenda. Bi Mwanaasha alikuwa barazani palepale, safari hii anasuka ukili. Isack akaamkia. Mama akaitikia, ila hakumwambia apite.

"Kaa hapo. Nikuulize, baba. Mie na yule binti tumekaa nyumba moja muda gani?"

"Sijui, mama. Mrefu."

"Mrefu. Na siku ya kwanza tu kaniletea kisahani na adabu zake, 'Mama, karibu nyama.' Nikamwambia, mwanangu, dini yangu hairuhusu, sili. Unadhani alinuna? Aliomba radhi, akaenda kununua msumari." Akavuta ukili kwa meno. "Wewe msumari uliutoa mwenyewe. Hukujiuliza aliutafuta kwa ajili ya nani?"

Isack aliinama. Alijiona mpumbavu aliyekuwa ameshika jibu mkononi tangu siku ya kwanza, akalifuta kwa shati, akalitoa bure.

"Na lile dirisha," Bi Mwanaasha akaendelea, akishusha sauti, "msifikiri nafunga kwa hasira. Ile sukari ikianza kuungua, mate yananijaa. Namwomba Mungu anisamehe, nafunga. Nenda uani."

Bupe alikuwa anafua. Hakuinua kichwa.

"Nimekuja kusema neno moja ambalo nilipaswa kulisema siku ile Buguruni," Isack akasema. "Mie Msabato. Nguruwe sili. Nyumbani kwetu hawali, na mie sitakula."

Maji yalichuruzika kwenye mikono ya Bupe. "Ilikuwa ngumu hivyo?"

"Ulisema mwanamume asiyekula humwamini. Nikaogopa kukukosa kabla sijakupata."

"Ule ni utani wa dukani, Isack! Mtu unamwekea utani moyoni kama sheria ya nchi?" Akakunja uso, lakini pembe ya mdomo ikamsaliti. "Na sukari yangu yote ile, kwa Anselmo!"

"Ananuka pilipili hadi leo."

Bupe akamrushia maji. Kisha akafuta mikono. "Mie kwetu Moravian. Bekoni siachi. Usije ukanioa kesho ukanigeuzia kibao."

"Sijakuambia uache."

"Njoo Jumapili," Bupe alisema baada ya kufikiri. "Na usije na leso."

Jumapili alipofika, uani kulikuwa na mambo mageni. Kikaango kilikuwa msumarini mwake, kikavu. Juu ya jiko kulikuwa na sinia la shaba la Bi Mwanaasha, lile la arusi yake, ambalo halikuwa likitoka kabatini. Bupe alikuwa amechukua mbavu za ng'ombe kwa mchinjaji wa Kiislamu, zenye mafuta yake, akazichana nyembamba, akazilaza kwenye chumvi siku kadhaa, na sasa zimelala chini ya sukari na moto wa juu. Harufu ikapanda. Isack akatazama dirisha.

Halikufungwa. Bi Mwanaasha mwenyewe alitoka, kajitanda khanga mpya, akaketi mkekani, akasema "Bismillahi," akatia kipande mdomoni. Akafumba macho.

"Ewe mtoto," akasema mwishowe. "Umenitesa bure siku zote hizi."

Kisha Bupe akapuliza kipande, akakileta kwa Isack. Safari hii alifunua mdomo. Sukari ilipasuka kwenye meno kama kioo chembamba, chumvi ikaja nyuma yake, halafu mafuta, halafu moto mdogo wa pilipili. Machozi yakamlenga.

"Pilipili imezidi?" Bupe akauliza.

"Hapana. Ndiyo kwanza nakula chakula chako."

Akaingiza mkono mfukoni. Kwenye karatasi ya dukani kulikuwa na misumari ya inchi nne, mizima, myeusi. Akaiweka kwenye kiganja cha Bupe.

"Nina kiwanja Mbezi Luis. Ukuta wa jiko umesimama. Nimekuja kuuliza nipige misumari mingapi."

Bi Mwanaasha aliacha kutafuna.

Bupe aliichezesha misumari kiganjani, akachagua miwili, akamrudishia mingine. "Mmoja wa kikaango changu. Mmoja wa kikaango chetu. Na visitazamane."

"Mmoja nitaupiga nje."

"Sawa." Akageukia jiko haraka, maana macho yalikuwa yamejaa. "Mama hana sahani, Isack. Ziko chumbani kwangu, juu ya kabati."

Akachomoa ufunguo kwenye pindo la khanga, akamrushia.