Pengo la Mwanamisi

Fahim aligonga jino la mamake mara moja kwa mpini wa kioo chake cha kazi, na jino likalia mara mbili.

Mlio wa kwanza ulikuwa ule anaoupenda, mkali na mkavu. Daktari wa meno akiusikia hujua skrubu imeshikwa na mfupa barabara. Wa pili ulitoka chini zaidi, ukachelewa kidogo, kama mtu aliyebishiwa hodi akajibu kwa kugonga upande wake. Fahim alimtupia jicho Waruguru, msaidizi wake, aliyekuwa ameshika mrija wa kufyonza mate. Waruguru alikuwa amekodolea macho dirisha. Basi Fahim akajiambia ni mabomba ya maji, maana majengo mapya ya Ruiru yana kelele zake, akamwambia mamake afunge mdomo.

Huyu Fahim alikuwa mjuaji, wacha niseme. Si daktari mbaya, la. Kazi ya kupandikiza meno aliiweza kuliko wengi, na alichowazidia ni kwamba hakuwa na haraka. Mwenye sukari isiyotulia alimrudisha nyumbani mpaka itulie. Mvuta sigara alimwambia aache kwanza, ndipo waongee. Taya jembamba aliliongezea mfupa, akangoja ushike, na jino likishasimama hakukuacha. Alikuita tena na tena akuchungulie ufizi na kukugombeza kuhusu mswaki. Ndiyo maana meno yake hayakuwa yakilegea. Lakini sifa zilimpanda kichwani, akawa anawatangazia wagonjwa kwamba jino lake haling'oki, utazikwa nalo.

Na mamake je? Mwanamisi aliletwa bara kutoka pwani akiwa bi harusi, akaishi Kamenu, Thika, miaka yote hiyo na pengo moja la mbele, taya la chini. Kila Alhamisi jioni alitia udi kwenye chetezo, akakaa mlango wa jikoni, akaachama mdomo kuuelekea moshi. Akimaliza alikuwa mchangamfu, anaimba akiosha vyombo. Fahim alikua akiliona jambo hilo, wala hakuwahi kuuliza. Alichoona yeye ni aibu: mama wa daktari wa meno ana pengo! Tena alitaka picha yake, kabla na baada, aitundike pale wanapongoja wagonjwa. Mwanamisi alikataa, akamwambia jino hilo aling'olewa na bibi yake kwa kazi maalumu, aliache pengo. Fahim hakuuliza kazi gani. Alimsumbua kwa maneno matamu mpaka mama wa watu akachoka akakubali. Hapo ndipo ninapomchukia.

Alimtia skrubu tayani, akangoja miezi mfupa uishike, ndipo akaweka jino juu. Siku hiyo ya mlio, alipomrudisha Kamenu, gari lilijaa harufu ya udi. Hakuna aliyekuwa amewasha udi. Mwanamisi alikuwa ameketi kando yake, midomo imebanwa, mashavu yanatembea kama ya mtu anayetafuna.

Tangu hapo hakupumzika. Chakula kikiwekwa mbele yake hakukigusa, ila taya lilisaga mchana kutwa, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akaja kuomba wapunguze kelele za kinu. Kidevu kikaanza kuvimba. Fahim alipiga picha ya eksirei akakuta mfupa safi, umeikumbatia skrubu kila upande, kazi ya kuonyesha wanafunzi. Akampa dawa za usaha, ingawa usaha hakuuona. Mama akazidi kukonda, na ukikaa karibu naye ulisikia ngo, ngo, ngo, kutoka ndani ya kidevu.

Waruguru ndiye aliyesema lile ambalo Fahim alikuwa akilikwepa.

"Daktari, huyo mama anaongea na mdomo imefungwa. Na hiyo sauti si yake."

Ikabidi aitwe mjomba Salehe, kaka yake Mwanamisi, muuza vitambaa pale Thika. Salehe alichungulia mdomo wa dada yake, akaliona lile jino zuri, akageuka akamtazama mpwawe kwa chuki isiyofichika.

"Bibi yetu alimfungulia mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyemo ndani yake alikuwa akitoka Alhamisi, anakula moshi, anarudi ametulia. Wewe umempigilia ndani. Sasa atatokea popote, hata kwa kulipasua taya, na dada yangu atakufa."

"Nitalitoa, Mjomba."

"Si umesema halitoki?"

Fahim alianza kupanga vyombo vyake. Alijua alichokuwa amekifanya, na alijua kilivyofanywa vizuri.

Walimlaza kwenye kiti adhuhuri ileile, mvua ikipiga mabati ya jirani. Mwanamisi aliushika mkono wa mwanawe, akamwambia kwa taabu asiogope kumkata. Fahim alichoma ganzi, akatia ufunguo wa skrubu, akazungusha, na skrubu haikusogea hata unywele. Akazungusha tena kwa nguvu zote, ufunguo ukakatika, na kutoka kidevuni kukaja kicheko kidogo cha mtu aliyekuwa akisubiri aone. Akachukua kekee ya duara ya kukatia mfupa, akaanza kuchimba kando ya skrubu huku Waruguru akikishika kichwa cha mama na kuomba kwa Kikuyu bila kupumua, na kadiri kekee ilivyozama ndivyo harufu ya udi ilivyopanda, nzito, ikifunika ya damu na ya dawa, na taya likawa linasukuma chini ya vidole vyake, linasukuma na kuvuta, hata asijue tena kama yeye ndiye anayekata kwenda ndani au kuna mwingine anayekata kuja nje, mpaka kitu kikalia kwa ndani na skrubu ikatoka mkononi mwake na pete ya mfupa wa mamake ikiwa imeishikilia.

Aliitupa kwenye sinia. Kugonga kukakoma.

Salehe alikuwa ameshawasha chetezo. Akakileta karibu na mdomo ulioachama, akaita kwa heshima, kama mtu anayemwamsha mkwe, akimwambia mgeni mlango uko wazi, atoke ale. Moshi uliingia mdomoni. Wakangoja. Mwanamisi alifumbua macho, akamtazama mwanawe, na Fahim akaanza kulia kwa furaha, maana yalikuwa macho ya mamake hasa, yanayomjua.

Kisha macho hayo yakajaa hofu.

Ulimi wa Mwanamisi ulikuwa umelala tuli. Midomo haikucheza. Sauti ilipanda kutoka kwenye shimo lenyewe, pole, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Zamani nilikuwa natoka kwa sababu sikuwa nimeshika," ilisema. "Umeningoja vizuri, daktari. Sasa nimeshika mfupa. Funga, baridi inaingia."

Salehe aliweka chetezo chini akarudi nyuma mpaka ukutani. Fahim alibaki amesimama, mikono imelowa damu, akimtazama mamake akitikisa kichwa kumkataza, machozi yakimtiririka masikioni. Na huku akikataa hivyo, mkono wake wa kulia ukanyanyuka taratibu, ukapapasa kwenye sinia, ukaiokota skrubu na kumnyooshea mwanawe.