Kinyaa cha Haika

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, Haika aliamka kabla jua halijachomoza. Jijini London, mwezi wa Januari, jua huchelewa hadi saa mbili asubuhi, na hata likitoka halimpashi mtu joto. Alivaa soksi mbili mbili, koti zito na kofia ya sufu, akanywa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, kisha akapanda basi hadi bustani iliyo kando ya mto, hapo hapo mtaani Lewisham alikoishi na mama yake.

Haika alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu Novemba alikuwa akijitolea katika kikundi cha watazamaji ndege cha mtaani. Kiongozi wao alikuwa Bi Mwende, Mkenya aliyewahi kufundisha biolojia kabla ya kuhamia Uingereza. Watoto walimwita Anti Mwende. Kikundi kiliwahesabu ndege, kikaandika aina zao, na kuwawekea mbegu wakati huu ambapo chakula kinaadimika.

Alipojiunga, Haika alidhani kazi yake itakuwa kushika darubini tu. Darubini aliishika, lakini kwa zamu. Kazi yake ya kila wiki, pamoja na rafiki yake Zahra, ilikuwa kuosha vyombo vinne vya kulishia ndege. Vilikuwa mirija ya plastiki iliyotundikwa mitini, yenye matundu ambamo ndege walichomoa mbegu.

Kazi hiyo aliichukia. Mvua ilipoingia, mbegu za chini zililowa, zikavimba na kuoza. Kinyesi cha ndege kiligandia kwenye vijiti walivyotua. Ukifungua kitako cha chombo, uji mweusi ulidondoka, ukinuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya mfuko.

"Usipumue kwa pua," Zahra alikuwa akimwambia. "Pumulia mdomo."

"Nikipumulia mdomo nitahisi kama ninaula uji huo!" Haika alijibu, nao wakacheka huku wamekunja nyuso.

Wakiwa wawili, karaha ilivumilika. Lakini Jumamosi ya pili ya Januari Zahra alishikwa na mafua, akabaki kwao. Haika alikwenda nyuma ya kibanda cha kikundi peke yake, akiwa na ndoo, brashi na dawa ya kuua vijidudu. Alivaa glavu, akafungua chombo cha kwanza. Ndani, ukungu ulikuwa umeota mrefu na mweupe kama mvi. Aliuingiza mkono. Kitu laini kikateleza kati ya vidole vyake, kikamdondokea kwenye kiatu.

Aliinama, akatema mate, akasubiri. Kisha akakirudishia chombo kitako chake, akamwaga mbegu mpya juu ya zile zilizooza. Vingine vitatu hakuvifungua kabisa. Alivipangusa kwa nje, akavijaza, akavitundika.

Mlangoni mwa kibanda ilibandikwa karatasi ya kazi yenye majina yao wawili. Penye neno "Vimeoshwa", Haika aliweka tiki nne.

Anti Mwende alipita, akaitazama karatasi. "Umefanya yote peke yako? Hongera, mwanangu."

"Asante, Anti," Haika alisema, macho akiyaelekeza mtoni.

Wiki iliyofuata Zahra alirudi, ila alichelewa kwa sababu ya darasa lake la Kurani. Haika alimwambia, "Nimeshaosha. Wewe jaza tu." Zahra akajaza, na Haika akaweka tiki nyingine nne. Safari hii hakuona kinyaa, maana hakufungua chochote.

Jumamosi iliyofuata walikuta chiriku mmoja wa kijani amekaa chini ya mti, manyoya yamemfura kama mpira. Walipomkaribia hakuruka. Kidevu chake kilikuwa kimelowa mate, na punje zilizotafunwa nusu zilimning'inia mdomoni. Alijaribu kumeza, akashindwa, akazitema juu ya mbegu nyingine. Mwenzake akatua hapo hapo na kuanza kuzila.

"Ana nini?" Zahra alinong'ona.

Hatua chache mbele palikuwa na wawili waliokufa. Anti Mwende alivaa glavu, akamgeuza mmoja na kumfungua mdomo. Kooni mlijaa uchafu wa manjano, mzito kama maziwa yaliyoganda. Haika aligeuka akajiziba mdomo.

"Ni ugonjwa wa koo," Anti Mwende alisema polepole. "Kwetu sisi hauna hatari, lakini ndege anakufa na njaa huku chakula kiko mdomoni. Unaenea kwa mate, hasa kwenye vyombo vichafu." Alikishusha chombo kilichokuwa juu yao, akazungusha kitako. Donge jeusi likaanguka miguuni pake. "Hiki hakijaoshwa kwa wiki kadhaa. Karatasi inasema kimeoshwa. Ni nani kati yenu alikishika mara ya mwisho?"

Zahra alisogea mbele. "Mimi ndiye niliyejaza, Anti. Wallahi sikujua. Labda mbegu zangu zilikuwa na maji." Machozi yakamtoka. "Nimewaua, eti?"

Haika alifungua kinywa. Alimwona Anti Mwende akimtazama Zahra, akaona jinsi ilivyo rahisi kunyamaza. Akanyamaza.

Mchana ule mama yake, Sesilia, alimpakulia ndizi za nyama. Mchuzi ulikuwa mzito, wa manjano. Haika aliutazama, akaisukuma sahani.

"Unaumwa?" mama aliuliza.

"Hapana."

"Basi kuna nini? Chakula hiki huwa unakigombania."

Haika alianza kueleza habari za ndege, kidogo kidogo, kisha yote kwa mkupuo: ukungu, tiki nane, machozi ya Zahra. "Ilinitia kinyaa, mama. Nilishindwa. Wewe huwezi kuelewa, umeshazoea."

Sesilia alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na minne. Aliweka kijiko chini. "Nani kakwambia nimezoea? Jana nilisafisha kidonda, nikatoka nje mara mbili kuvuta hewa. Kuna harufu ambazo hazizoeleki. Nikizidiwa namwita mwenzangu, namwambia dada, nishikie hapa, nimeshindwa. Hakuna aliyewahi kunicheka."

"Ungekasirika kama ningesema nimeshindwa?"

"Kwa nini nikasirike? Ninachokasirikia ni kwamba ulimwacha mtoto wa watu analia."

Haika aliinamisha kichwa. Kinyaa alichokihisi sasa hakikutoka kwenye mchuzi wala kwa ndege. Alijichukia mwenyewe, na hakuwa na glavu ya kumkinga na hilo. Aliomba simu, akampigia kwanza Zahra.

Alimweleza habari za tiki zote nane.

"Uliniona nikilia," Zahra alisema, "na wewe umesimama hapo hapo." Kisha akakata.

Anti Mwende naye alisikiliza bila kumkatiza. "Njoo kesho saa nane," alisema. "Uje na nguo unazoweza kuzitupa."

Jumapili, baada ya kanisa, Haika na mama yake walikwenda bustanini. Walishusha vyombo vyote, wakazifunga mbegu zote kwenye mifuko ya taka. Walikwangua udongo uliojaa kinyesi chini ya miti. Haika alipewa kazi ya kuokota ndege waliokufa, ambao sasa walikuwa watano. Mmoja alikuwa yule aliyekuwa hai jana. Alimwokota kwa mfuko uliogeuzwa ndani nje, akahisi mwili mwepesi uliokakamaa kwa baridi. Alikwenda nyuma ya kibanda, akatapika.

Anti Mwende alimletea maji. "Utaendelea au nikusaidie?"

"Nisaidie vyombo viwili, Anti," Haika alisema. "Viwili nitaviweza."

Akaviweza, akikunja uso na kutema mate, lakini brashi yake ilifika kila kona. Mikono yake ilinuka dawa hadi Jumanne.

Kwa wiki tatu hawakuweka mbegu, ili ndege wagonjwa wasikusanyike na wenzao. Jumamosi zote hizo Haika na Zahra walizunguka na darubini wakihesabu, mmoja upande huu wa mto na mwingine upande ule. Hawakuona mgonjwa mwingine. Mwishoni mwa Februari vyombo vilitundikwa tena, na chiriku wakarudi, midomo yao mikavu, wakigombea vijiti.

Wiki iliyofuata Haika aliosha vyombo vyote. Kabla hajaweka tiki, Zahra alikuja, akachukua chombo kimoja bila kusema neno, akafungua kitako na kuchungulia. Kisha cha pili. Uso wa Haika uliwaka.

"Anti, haniamini," alimwambia Anti Mwende aliyesimama mlangoni mwa kibanda.

"Ni haki yake," Anti Mwende alijibu. "Sikiliza, Haika. Kuona kinyaa si kosa, kila mtu ana kinyaa chake. Kosa lilikuwa ile tiki. Siku ile niliiona karatasi, nikaona vimeoshwa, nikapita. Ungeandika kwamba umeshindwa, ningeviosha mwenyewe kwa dakika kumi, na wale ndege wangekuwa hai. Ukweli mchafu unasafishika, mwanangu. Uongo unaufunika tu, huku uchafu ukiendelea kuoza chini yake."

Haika alikichukua chombo cha tatu, akakifungua mwenyewe, akampa Zahra. Zahra alikiinua kwenye mwanga, akakitazama hadi ndani.

"Hapa pembeni pamebaki kidogo," alisema.

"Nipe brashi," Haika alisema.

Zahra akachukua brashi nyingine, akachuchumaa karibu naye.