Jumanne Nne za Nyumba Tupu

Siku Upepo alipomwona kwa mara ya kwanza mwanamume ambaye mashati yake alikuwa akiyapiga pasi kwa mwaka na nusu, alimtambua kwa kifungo.

Ilikuwa kwenye foleni ya supamaketi, mwisho wa mwezi, watu wamebanana na matoroli kana kwamba vitu vinagawiwa bure. Aliyekuwa mbele yake aligeuka kutafuta pochi: shati la samawati, mikunjo ya pasi unaweza kukatia mkate, na kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Samahani, kaka. Hicho kifungo nimekishona mimi."

Mwanamume akajitazama kifuani, kisha akamtazama yeye: gauni la njano, kilemba cha haraka haraka, macho ya mtu anayejizuia kucheka.

"Wewe ndiye wa Jumanne?"

"Na wewe ndiye unayeficha soksi chini ya kochi."

"Sizifichi. Zinajiendea zenyewe."

Mwanamume huyo alikuwa fundi miwani. Kila Jumanne aliondoka nyumbani saa moja, Upepo akiingia saa mbili na ufunguo wake, wakawa wanajuana kwa karatasi zinazobandikwa kwenye friji. "Usiguse meza ya miwani." "Sijaigusa, ila vumbi limenisalimia." Jina la Upepo alipewa na wapangaji wa jengo lile, maana akiingia nyumba vumbi linafungasha lenyewe. Alipiga deki mpaka nzi wakitua wanateleza, na mmoja inasemekana alivunjika mguu.

Tangu foleni ile, Fundi akaanza kuchelewa kazini kila Jumanne.

"Bado upo?"

"Nimesahau miwani."

"Umeivaa."

"Hii ya kuonea njia. Nimesahau ya kukuonea wewe."

Upepo alikuwa akigeuka kufuta dirisha ambalo amekwisha kulifuta. Zaidi ya hapo hakuna aliyethubutu kusema.

Kisha ikaja Jumanne ya bahasha. Fundi alikuwa ameondoka mapema. Ndani mlikuwa na hela na karatasi: "Malipo ya wiki nne. Naenda likizo kwa dada yangu. Usije, pumzika." Hakuna utani, hakuna hata salamu.

Msafishaji yeyote anajua maana yake. Mwenye nyumba akikulipa mbele na kukwambia pumzika, ukirudi unakuta kitasa kipya. Yalishamkuta mara mbili. Akashuka ghorofa ya chini kwa Mama Pacha, msafishaji mwenzake.

"Hiyo ya kuondokea, shoga," alisema Mama Pacha. "Shukuru. Mimi waliniaga kwa kandambili, tena za mguu mmoja."

"Labda ni roho nzuri tu."

"Roho nzuri ingekuaga kwa mdomo. Kula tu hizo hela."

"Sili hela ambayo sijaifanyia kazi."

Basi Jumanne iliyofuata akaenda. Akaosha vikombe visafi, akapiga pasi mashati yaliyonyooka. Jumanne ya pili, harufu ya sabuni ya Fundi ilikuwa imekwisha bafuni. Akafungua chupa airudishe, akaifunga upesi kama mwizi aliyesikia hatua. Jumanne ya tatu hapakuwa na chochote cha kusafisha. Akapika chai, akanywa, akakiacha kikombe mezani pale pale Fundi anapokiachaga, akakitazama saa nzima. Ndipo akakiosha.

Wiki zote hizo, simu ya Fundi ikiingia alikuwa akiiacha ilie. Kuachwa kwa karatasi kulitosha, hakutaka kuachwa tena kwa sauti. Lakini siku ile ilipolia, mikono ikiwa na povu, moyo ulishindwa akapokea.

"Nilidhani umeitupa simu kwenye ndoo," alisema Fundi.

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi ya nani leo Jumanne?"

"Yako."

"Uko kwangu?"

"Umenilipa, nimekuja."

"Nilikuandikia usije."

"Ndiyo. Ungenifukuza kwa mdomo, ningekuheshimu."

"Nani amekufukuza?"

"Anayelipwa akaambiwa asije, ameachishwa. Hiyo haihitaji miwani."

Fundi alivuta pumzi. "Upepo, sikiliza. Wiki ya tatu hii nimekaa kwenye kochi la dada yangu, nakula, nalala, na kazini kwangu wananilipa. Mimi nikipumzika, wewe ndiyo ukose chakula? Ni likizo yako. Kama yangu."

Upepo akakaa sakafuni. Miaka tisa ya kusafisha nyumba za watu, alipewa nguo kuukuu, alipewa mabaki ya keki. Likizo hakuwahi kupewa.

"Sasa mbona hukuandika hata utani mmoja?"

"Niliandika karatasi saba. Zote ziliishia pabaya, nikazichana. Mtu ninayemlipa nitamwambiaje nimeanza kumkumbuka kabla sijafunga begi? Atakataaje, na kazi yake ninayo mimi?"

"Rudi kwanza," alisema Upepo.

Jumanne ya nne ilikuwa ndefu kuliko mwezi. Ya tano, Fundi amekwisha rudi, Upepo aligonga mlango badala ya kuufungua. Alivaa gauni la zambarau ambalo halijawahi kuona ndoo. Nyuma yake alisimama Mama Pacha na aproni.

"Huyu ndiye wa Jumanne kuanzia leo," alisema Upepo. "Anasafisha vizuri, ila anaongea."

"Naongea kwa kipimo," alisema Mama Pacha, akapita na dekio moja kwa moja jikoni.

Uso wa Fundi ulishuka. "Unaniacha?"

"Naacha kazi. Jumanne nimepata nyumba nyingine ya kusafisha, ghorofa ya sita. Hunilipi tena hata senti, kwa hiyo nikikataa, nakataa mwanamume. Nikikubali, nakubali mwanamume. Haya, sema yale uliyoyachana."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema yote, polepole, bila utani, mpaka lile la ndoa lililomfanya aichane karatasi ya saba.

"Nimekukumbuka mpaka nimeosha vikombe visafi," alisema Upepo. "Unaniuliza nini tena? Ndiyo."

Jikoni ndoo ilikuwa imenyamaza muda mrefu.

"Shemeji," aliita Mama Pacha, "na mimi mkisafiri nalipwa?"

"Unalipwa."

"Basi fungasheni."