Mita Mia za Rwizi

"Maziwa ya Bwizibwera yameganda. Mnunuzi anafika saa tano."

Simu ikakatika.

Olga akaweka kikombe cha chai mezani. Kwa lugha ya Afande Natukunda, mkuu wake wa upelelezi, maziwa yakiganda ujue kuna karatasi ya uongo. Na sasa ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mjini Mbarara.

Picha ikaingia kwenye Samsung yake: orodha ya majina thelathini na tisa. Eti ni wakazi wa Nyamitanga, kando ya mto Rwizi, na wameridhia sheria ya kingo ilegezwe. Mita mia zisizojengwa zibaki kumi. Jiji lilikuwa linaipitia upya sheria hiyo, na saa tano madiwani wangepiga kura. Bila ridhaa ya wakazi, hakuna mabadiliko. Nyuma ya orodha kulikuwa na Kingo Mpya, kampuni ya wageni iliyokwisha kununua matope yote ya ng'ambo ile. Nani hununua matope? Anayejua kwamba kesho yatakuwa viwanja.

Akaikuza picha.

Constance Nabintu, 7. Marcienne, 6. Nyirabizimana, 4.

"Hizo tarakimu ni msimbo wa siri?" Afande aliuliza kwenye redio.

"Hapana, Afande. Ni watu."

Olga alikulia Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kule, karatasi yoyote ukipewa, ya unga, ya sabuni, ya chandarua, unaandika jina halafu idadi ya watu wa nyumba yako. Mkono unazoea. Mtu wa Nyamitanga hasaini hivyo hata siku moja.

Akachomeka bastola yake ya Glock chini ya jaketi, akawasha pikipiki yake aina ya Boxer.

Rubondo, kanisa la kwanza tu alilouliza, walimwelekeza. Constance alikuwa akipalilia maharage.

"Mama Constance, nani alikuletea ile karatasi?"

"Karatasi gani?"

Jembe lilisimama. Olga hakumwamini. Asiye na kosa angeuliza kwanza wewe ni nani.

"Mama, ninajua kusoma."

Constance akatazama chini. "Ni bwana Jovan. Alisema ni liste ya sabuni. Miye ndiye nilikusanya bamama ku kanisa. Sabuni hatukuiona. Akarudi, akasema nikifungua kinywa, batatunyanganya kadi za chakula sisi bote."

"Twende Mbarara ukaseme hivyo hivyo."

"Na kadi yangu? Niko na batu mu nyumba, dada."

Olga alitamani kumdanganya. Ilimuuma kwamba hakuweza. "Kadi siwezi kukuahidi. Lakini ukinyamaza, karatasi ile itasema mwongo ni wewe."

Constance akafuta udongo mikononi, akapanda.

Hawajafika mbali, Land Cruiser nyeupe ikajaa kwenye kioo cha pembeni.

"Jembe kwa Ghala. Nina mkia," Olga akaita redioni.

"Ghala," Afande akaitika. "Usipige risasi kambini."

"Nimeelewa."

"Pita ku kisima," Constance akamwambia sikioni.

Kisimani akina mama walikuwa foleni, jerikeni zimejaa. Boxer ilipenya katikati yao. Constance akageuka. "Bamama, ile ndiyo gari ya sabuni!"

Hakuna aliyekimbia. Jerikeni moja ikawekwa barabarani. Kisha ya pili. Kisha zote.

Saa tano kasoro dakika nne, kwenye ukumbi wa madiwani, Jovan, wakala wa Kingo Mpya, alikuwa kwenye kipaza sauti, suti imepigwa pasi. Olga akaingia ukumbini peke yake. Kalamu mfukoni mwake ilikuwa inarekodi.

"Bwana Jovan, hizi namba ni za nini?"

"Za viwanja, nyabo," akajibu bila kupepesa.

"Na namba saba?"

"Cha Constance. Namjua sana. Amezaliwa pale pale mtoni."

Olga akafungua mlango.

"Saba si kiwanja," Constance akasema. "Ni miye, bwana yangu, batoto bane na mama mukwe. Tunaishi Nakivale. Tuliambiwa ni sabuni. Na miye ndiye nilibaita bengine. Mukitaka kufunga mutu, mufunge miye."



Mwenyekiti wa kikao akaifunika orodha kwa kiganja. "Hii haiingii. Mita mia zinabaki mia."

Jovan akauelekea mlango wa nyuma. Afande Natukunda alikuwa ameshausimamia, pingu mkononi.

"Mama," Afande akasema akimfunga, "wewe ni shahidi. Kadi yako kaa nayo. Na wenzako pia."

Constance akakaa kwenye benchi, akalia.

Getini askari akawasukumia kitabu cha wageni. "Nyabo, saini kutoka."

Olga akaandika jina la uongo, kama kawaida ya kazi. Mkono ukaendelea wenyewe, ukaongeza tarakimu.

Constance akachungulia. "Moja tu, dada?"

Olga akavaa miwani yake ya jua, akawasha Boxer.

"Panda, mama. Sita wanakungoja."