Tundu la Katikati

Jua la Babati mwezi wa tisa hukausha hata akili, lakini lile blanketi la viraka la mteja lilikataa kukauka. Natalia alikuwa amelianika uani kwake Nangara tangu juzi, na bado lilidondosha maji yanayonuka maziwa yaliyochacha. Alilikamua tena, mikono imemwishia nguvu. Fundi cherehani anayelea mtoto peke yake hana nafasi ya kushangaa. Alilaumu sabuni, akaingia ndani kumtazama Hope.

Mtoto alikuwa anachemka. Homa ilimwanza siku ile ile mama yake alipomaliza kulishona blanketi. Hospitali walipima, wakakosa ugonjwa.

"Mama, mwambie bibi aache kuimba," Hope alinong'ona.

"Bibi gani, mwanangu?"

"Huyo aliyekaa miguuni."

Natalia hakuona mtu. Ila godoro lilikuwa limebonyea pale miguuni, na harufu ya maziwa ilikuwa imejaa chumba, na kutoka pale palipobonyea ilisikika sauti nyembamba ikibembeleza kwa Kiiraqw, taratibu, bila kuvuta pumzi, wimbo ukizunguka na kurudi ulikoanzia, mpaka yeye mwenyewe akahisi kope zinamwangukia kwa uchovu huku moyo ukimwenda mbio. Alimkwapua Hope, akakimbilia uani.

Mwenye blanketi, Mzee Rogath wa Bonga, ndiyo kwanza alikuwa anafika kulichukua.

"Shikamoo, baba."

Mzee alipita moja kwa moja hadi kwenye kamba ya kuanikia. Macho yake yalikuwa kwenye blanketi. "Mama Hope, nilikuomba ufue na kushona pindo. Lile tundu la katikati nikakwambia uliache."

"Baba, fundi gani anatoa kazi ina tundu? Nilitia kipande cha sare ya zamani ya Hope."

Mzee akakaa kwenye benchi. "Mama yangu alimshonea jini blanketi hili bila kujua. Kila mtoto wake ambaye nguo yake ilitiwa humu alikufa. Alipogundua, nilikuwa nimebaki mimi. Tundu hilo ni langu, ndipo kingekaa kiraka cha nguo yangu. Kulitupa nilishindwa, maana ndizo nguo za ndugu zangu."

Natalia alichukua wembe afumue. Uzi ukagoma, wembe ukakatika.

"Hafumuliwi huyo," mzee alisema. "Hukubali kubadilishiwa tu." Akavua shati lake, akamnyooshea. "Shona hili juu ya kiraka cha mtoto."

"Siwezi, baba."

"Nimechoka, mama. Nimemkimbia tangu utotoni."

Kichwa cha Hope kikalegea begani. Natalia akamlaza kwenye mkeka, akavuta cherehani, akashona huku analia, maana alijua anachokifanya na hakusimamisha mguu.

Alipokata uzi, Hope aliketi, jasho limemtoka, mwili umepoa.

"Bibi ameondoka," alisema, akitazama benchi nyuma ya mama yake. "Amembeba babu mgongoni."

Natalia hakuthubutu kugeuka.

"Babu amekuwa mdogo, mama. Amelala."