Shefu, Sungura Aliyeteka Jiko

Jikoni kwa Geneviève, kijijini Karuba, kobayi hukimbia chini ya meza. Ni wanyama wadogo wasio na mkia. Hula maganda na majani, hulala karibu na moto, hawamsumbui mtu. Ndivyo mama yake alivyowafuga.

Basi Nicole, binti yake, alipoletewa mtoto wa sungura, wakamwachia humo humo. Alikuwa mpole, raha tupu! Nicole akamwita Shefu, yaani mkubwa. Loo, na ushefu wenyewe ukaja.

Alipoanza kupevuka, Shefu alichimba sakafu ya udongo. Akatafuna waya wa taa ya sola. Akakojolea gunia la mbegu za maharage. Kobayi aliwauma mpaka wakajificha. Geneviève akiingia kufagia, Shefu alinguruma na kuurukia ufagio. Geneviève akampiga nao. Kesho yake Shefu akazidi ukali.

"Huyu sungura iko na roho mubaya," alisema Benoît, mumewe. "Ngoja tu."

Asubuhi moja Prince, kitinda mimba wao, alitambaa hadi pembe ya jiko anapolala Shefu. Akanyoosha mkono. Shefu akaruka, akamuuma kidole. Mtoto akapiga yowe, damu ikatoka.

Benoît akashika kisu. "Leo njo mwisho! Leo tunakula nyama!"

Nicole akasimama mbele ya sungura, akatandaza mikono. "Papa, unikate mimi kwanza!"

Geneviève alikuwa amempakata Prince. Huyu mtoto wake analia mapajani, yule mtoto wake yuko mbele ya kisu. Aseme nini, jamani?

Yowe lilimleta jirani yao, Mama Nyiramana, mfugaji wa sungura.

"Papa Benoît, weka kisu kwanza. Geneviève, osha kidole na maji na sabuni, kisha umupeleke mutoto kwenye kituo cha afya. Ile ya sungura tutaongea nyuma, mukirudi."

Waliporudi, kidole kimefungwa, Nyiramana alikuwa bado anasubiri.

"Kosa iko yenu," alisema bila kuzunguka. "Muko munafuga sungura sawa kobayi! Huyu iko dume, njo anakomaa. Anaona jiko yote iko yake. Mukono ikiingia kwa pembe yake, anasema: mwizi!"

"Lakini nilimupiga ili aache," alisema Geneviève.

"Ukimupiga, anajua kweli weye ni adui. Na kuchimba na kutafuna, njo kazi ya sungura. Meno yake inakomala, inarefuka kila siku. Mumupe yake ya kuchimba na ya kutafuna."

Geneviève aliona aibu. Mapigo yote yale, bure!

"Akiuma mutu tena, musinililie," alisema Benoît. Kisu akakitia kiunoni.

Walimjengea Shefu kizimba kipana cha mianzi, mbali na kobayi na mbali na Prince. Ndani waliweka kisanduku cha kujificha, karai lenye udongo wa kuchimba, matawi ya mpera ya kutafuna, na majani makavu tele. Pembe aliyopenda kukojolea wakaitandikia nyasi. Waya wa sola ukapandishwa ukutani, magunia yakainuliwa. Kila jioni Shefu alitolewa atembee, Nicole akimchunga. Kizimba kilisafishwa yeye akiwa nje, hakuna aliyeingiza mkono akiwa ndani.

Mwanzoni bado aliruka. Jioni, Shefu akiwa nje, Geneviève alimpa jani, na nyuma yake Benoît anatazama. Hakumpiga. Alikaa chini, akangoja. Siku moja Shefu alichukua jani taratibu, akalila palepale.

"Sasa mumuite veterineri amuhasi," alisema Nyiramana. "Hamutafuti watoto wa sungura. Ukali itapungua, na mikojo ya kutupa huku na huku. Lakini musijaribu wenyewe na kisu, mutamuua. Na muvumilie, haipungui siku ileile."

Jérémie, daktari wa mifugo, alikuja na dawa ya kumlaza. Shefu alipigapiga miguu kwa woga. Nicole alilia, Geneviève akashindwa kutazama.

Benoît akavua koti lake la kanisani. Akamfunika sungura, akamkumbatia kifuani.

"Polepole, Docteur," alisema. "Huyu iko mutu wa hapa nyumbani."